Kidevu Kilikwenda Kushoto, Ugonjwa Ulikuwa Kulia

Kama kidevu chako kinahama polepole kuelekea upande mmoja, mwombe daktari aupime na upande wa pili. Changu kilikwenda kushoto, na kwa zaidi ya miaka miwili kila aliyenishika alinishika shavu la kushoto: nyumbani, zahanati, hata kwenye maombi. Mfupa uliokuwa ukikua kupita kiasi ulikuwa wa kulia, juu kabisa, mbele ya tundu la sikio, pale taya la chini linapojishikiza kwenye fuvu.

Ninafundisha shule ya msingi wilayani Chamwino. Nimezaliwa Mpwapwa na huko huko nilisomea ualimu. Tangu uso wangu uanze kurudi mahali pake nimekuwa nikiitwa pembeni na watu: dada wa saluni pale Majengo, mzazi wa mwanafunzi, kijana wa bodaboda aliyenionyesha picha za mdogo wake kwenye simu. Wote wanauliza nilipasuliwa wapi na nilitoa shilingi ngapi. Nawaelewa. Ila kuna swali linalotangulia hayo yote, nalo ndilo lililoamua matibabu yangu: je, mfupa bado unakua, au umeshaacha?

Nilianza kuona mabadiliko nikiwa chuoni, nakaribia miaka 20. Sikuwa na maumivu, wala uvimbe, wala homa. Nilichokiona kwanza ni meno. Yale mawili ya mbele ya chini, ambayo zamani yalikaa sawasawa na wenzake wa juu, yalianza kusogea kushoto, na mwaka uliofuata yalikuwa yamehama upana wa jino zima. Nikifunga mdomo, magego ya chini ya kushoto yalitokeza nje ya yale ya juu, wakati kwa kawaida ya juu ndiyo huyafunika ya chini. Kila mlo nilijing'ata shavu. Nyama choma niliacha kula kwenye sherehe, kwa kuwa nilikuwa natafuna mpaka wenzangu wanasimama kunawa. Kwenye kwaya, mwalimu wetu aliniambia kwa upole kwamba herufi "s" yangu inatoka na upepo mwingi, nisogee mbali kidogo na kipaza sauti.

Bibi yangu wa Mvumi alisema nimepigwa na upepo. Nilipokwenda kwake likizo alinikanda kila jioni kwa kitambaa cha maji ya moto, na mkono wake ulinifariji sana. Mungu ampe maisha marefu. Lakini hapa ndipo wengi tunapopotea. Mtu aliyepata kiharusi au ganzi ya mshipa wa uso hubadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache. Mdomo unashuka upande mmoja, pengine na jicho linakataa kufunga. Mimi macho yote yalifunga vizuri. Nilitabasamu, nilipiga mluzi, nilikunja paji la uso. Misuli ilikuwa mizima na mishipa ya fahamu mizima. Kilichobadilika ni mfupa ulio chini yake, na mfupa hubadilika taratibu kiasi kwamba wanaokuona kila siku ndio wa mwisho kugundua.

Kuna mahali nilikwenda, sitapataja, wakaning'oa gego la kushoto kwa maelezo kwamba ndilo linalovuta uso. Lile gego lilikuwa zima. Nalisema hili bila kinyongo, ila nalisema: jino zima halifanyi kidevu cha mtu mzima kiendelee kuhama mwaka hadi mwaka. Ukiambiwa hivyo, omba kwanza eksirei ya taya lote, ile ambayo mashine inazunguka kichwa chako na kutoa picha ya mataya yote mawili kutoka sikio hadi sikio.

Mwaka 2022 nilimfikia daktari wa meno mjini Dodoma ambaye namshukuru mpaka leo. Alichukua kijiti bapa cha mbao, kile cha kukandamizia ulimi, akaniambia nikikingamishe mdomoni na kuking'ata kwa magego ya pande zote mbili. Kisha akanipa kioo. "Tazama macho yako, Mwalimu, halafu tazama kijiti." Macho yalikuwa usawa mmoja. Kijiti kilikuwa kimeinama, ncha ya kulia chini, ya kushoto juu. Akanieleza kwamba mfupa wa kulia wa taya la chini umerefuka kwenda chini, na taya la juu limeufuata, maana meno ya juu hushuka yakitafuta ya kukutana nayo. Kwa hiyo uso wangu ulikuwa umepinda kwa namna mbili, kidevu kimesukumwa kushoto na meno yote yameinamia kulia. Kwa kijiti hicho cha bei ya chini kabisa nilielewa kitu ambacho nilikuwa sijaelezwa kwa miaka miwili.

Ni kama kusukuma mkokoteni wakati mkono wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto: mkokoteni unakata kwenda kushoto. Mfupa ukikua kupita kiasi upande mmoja, kidevu hukimbilia upande wa pili. Kinyume chake nacho kipo, na ni muhimu mzazi akijue. Mtoto akianguka na kuumia kiungo cha taya akiwa mdogo, upande ule unaweza kudumaa, na hapo kidevu huvutwa kuelekea upande ulioumia. Wengine mdomo wao hushindwa kufunguka kabisa, kwa kuwa kiungo kimeganda. Haya ni magonjwa mawili tofauti na matibabu yake ni tofauti.

Na yapo mengine ambayo hayataki subira hata kidogo: uvimbe unaoonekana na kushikika kwenye taya, meno yanayolegea bila sababu, mdomo wa chini unaokufa ganzi, uso wa mtoto unaovimba ndani ya wiki chache. Hapo nenda hospitali kesho asubuhi. Kuna uvimbe wa taya unaokula mfupa kimyakimya, uitwao ameloblastoma, ambao madaktari wa kinywa hapa Tanzania wanaufahamu vizuri kwa kuwa wanaupasua mara nyingi, na wagonjwa wengi huufikisha hospitali ukiwa umeshakuwa mkubwa. Wa kwangu haukuwa huo. Lakini bila picha nisingejua.

Daktari aliniagiza nirudi na picha zangu za zamani, yoyote niliyotazama kamera moja kwa moja. Nilidhani anataka kujua tu nilivyokuwa. Nilimletea ya kipaimara, ya kitambulisho cha sekondari, ya mahafali ya kidato cha nne, ya siku ya send-off ya dada yangu, na ya mwaka ule ule. Akazipanga mezani kwa mfuatano, akachukua rula na kuiweka kutoka katikati ya nyusi kupita ncha ya pua. Picha mbili za kwanza, kidevu kilikaa kwenye mstari. Ya kidato cha nne, kilikuwa kimeanza kuuacha. Ya send-off kilikuwa kimetoka waziwazi, na ile ya mwisho kilikuwa kimezidi ya send-off. Hiyo tofauti kati ya picha mbili za mwisho ndiyo iliyomfanya aandike rufaa siku hiyo hiyo. Kama zingefanana, alisema, angeanza kufikiri kwamba mfupa umetulia.

Kwenye barua aliandika haipaplasia ya kondaili, yaani kondaili inayokua kupita kiasi. Kondaili ni kile kichwa cha mviringo cha mfupa wa taya kinachocheza ndani ya kiungo mbele ya sikio. Ugonjwa huu huonekana zaidi kuanzia balehe mpaka miaka ya 20 na kitu, na wanawake wanaopatikana nao ni wengi kuliko wanaume. Siyo saratani. Mwaka 1986 madaktari wawili, Obwegeser na Makek, waliugawa kwa namna ambayo bado inatumika: kuna unaorefusha taya kwa mlalo, ambapo kidevu kinahama sana, kuna unaokuza nusu ya taya kwenda chini, ambapo uso unakuwa mrefu upande mmoja, na kuna mchanganyiko. Mimi nilikuwa mchanganyiko.

Muhimbili, kwenye kitengo cha upasuaji wa kinywa na uso, walinipiga picha ya CT, wakachukua alama ya meno yangu na kuimimina plasta, ikatoka mfano wa meno yenye kila kasoro yangu. Halafu wakaniambia nirudi baada ya miezi sita wachukue nyingine, walinganishe. Wengi wangekata tamaa hapo. Umetoka Dodoma kwa basi, umelala kwa shangazi Mbagala, umekaa foleni, halafu unaambiwa nenda ukasubiri. Ile subira ilikuwa kipimo kama kipimo kingine. Mfano wa plasta hauna huruma wala upendeleo. Ukiweka wa Januari na wa Julai pamoja, meno yaliyohama milimita mbili yanaonekana. Yangu yalikuwa yamehama.

Kipimo kilichofuata ndicho kilichomliza mama yangu. Niliandikiwa skani ya mifupa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mama anauza alizeti na mahindi kwenye soko la Kibaigwa. Alipata habari kupitia kwa mdogo wangu, akanipigia akiwa gulioni.

"Mwanangu, mbona hukuniambia kama ni ile?"

"Siyo ile, mama. Mashine ndiyo iko pale."

"Basi kwa nini wakupeleke huko?"

Ilinibidi nimweleze kuanzia mwanzo, na naeleza hapa pia, kwa sababu najua kuna mtu atakunja barua yake ya rufaa mfukoni akisoma tu jina la taasisi. Skani hii hutumia dawa yenye mionzi kidogo, teknetiamu, inayochomwa kwenye mshipa wa mkono. Dawa husafiri na damu na kwenda kukusanyika pale ambapo mfupa unajengwa kwa kasi. Unasubiri saa 2 hadi 4, unakunywa maji mengi, unakojoa, kisha unalala kwenye kitanda chembamba bila kutikisika wakati kamera inahesabu mionzi inayotoka kila upande wa kichwa. Mionzi ile hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo baada ya siku moja au mbili imebaki kidogo mno. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, kabla ya sindano. Vyumba vyenye mashine za namna hii ni vichache nchini, na vinahudumia wagonjwa wa aina nyingi, wa saratani na wasio wa saratani.

Wanacholinganisha ni kondaili ya kulia na ya kushoto. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, mgawanyo hukaribia nusu kwa nusu. Tofauti ikifika asilimia 10, yaani 55 kwa 45, daktari huanza kushuku kwamba upande mmoja bado unakua. Wangu ulikuwa 59 kulia, 41 kushoto. Daktari bingwa hakuichukua namba hiyo peke yake. Alisema hata kiungo chenye baridi yabisi au kilichoumia huwaka kwenye skani, na kijana ambaye bado anakua huwaka pande zote mbili. Ila namba ilipokutana na picha za send-off na plasta mbili, shaka iliisha.

Sasa sikia kwa nini swali la kukua lina uzito namna hii. Kuna upasuaji mkubwa wa kunyoosha mataya, ambao taya la juu hukatwa na kusawazishwa, na taya la chini hupasuliwa kwa ndani ya mdomo pande zote mbili, mfupa ukateleza juu ya mfupa mpaka meno yakutane, kisha hufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Mbinu hiyo ya taya la chini ililetwa na huyo huyo Hugo Obwegeser miaka ya 1950, na imewarudishia watu wengi nyuso zao. Lakini ukinyooshewa taya hivyo wakati kondaili ingali inakua, kondaili itaendelea na kazi yake. Kidevu kitaondoka tena. Utakuwa umelipa, umeumia, umekaa nusu mwaka na mdomo wenye ganzi, na uso unarudi ulikotoka.

Kwa mfupa ambao haujaacha, kuna njia ya kuukata kwenye chanzo. Ukuaji ule unatokea kwenye gegedu lililofunika kichwa cha kondaili. Daktari hupasua mbele ya sikio, huingia kwenye kiungo, hukata sehemu ya juu ya kichwa kile, milimita chache tu, au kiasi kinacholingana na tofauti ya urefu kati ya upande mmoja na mwingine, halafu hulainisha kilichobaki. Kile kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo huachwa mahali pake. Ukuaji unakoma, na taya linapata nafasi ya kurudi juu. Mimi nilishauriwa njia hii, kwa kiasi kinacholingana na tofauti.

Niseme kidogo kuhusu bima, maana hapa pananiuma. Ombi la kwanza lilirudi na jibu kwamba ni matibabu ya urembo. Urembo! Mtu anayejing'ata shavu mpaka linatoka damu, anayekula uji wakati wenzake wanakula ugali. Daktari aliandika barua ya pili, na safari hii hakutaja sura hata mara moja. Alieleza kutafuna, matamshi, kiungo kinachoharibika, na kwamba ugonjwa unaendelea. Akaambatanisha skani. Ilipita. Kwa hiyo ukifika hapo, mwombe daktari wako aandike kazi ambayo taya lako limeshindwa kufanya. Uso ni wako na una haki ya kuulilia, ila barua iandike kutafuna.

Nilipasuliwa mwishoni mwa 2024. Kabla ya hapo nilifungwa waya za meno, juu na chini, kwa ajili ya kazi itakayofuata. Nilishuka Dar kwa treni ya SGR, ambayo ilikuwa imeanza kufika Dodoma mwezi Julai mwaka ule, na niliporudi na kidonda nilimshukuru Mungu kwa kiti kisichoruka kwenye matuta. Daktari wa usingizi alinieleza kwamba mrija wa kupumulia utapitia puani, kwa kuwa wapasuaji wanahitaji kufunga meno yangu na kuona yanakutanaje. Aliniuliza pia kama huwa natoka makovu yanayovimba. Swali hilo lina maana kubwa kwetu, maana kovu la mbele ya sikio linaweza kuwa gumu na kubwa. Kama una tabia hiyo, au ndugu zako wanayo, mwambie bila kuficha.

Nilipozinduka nilipapasa uso kwanza. Upande wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kubwa. Nesi akaniambia, "Dada, nyanyua nyusi." Ya kushoto ilipanda, ya kulia ikabaki chini. Nilikuwa nimeambiwa linaweza kutokea: tawi la mshipa wa fahamu linalonyanyua nyusi hupita karibu sana na mahali pa kupasulia, na likivutwa tu huchoka. Hata hivyo kuambiwa na kuishi ni vitu viwili. Lilirudi polepole, kwanza kidogo pembeni, na baada ya miezi michache nyusi zote zilipanda pamoja. Kwa wachache sana huwa halirudi lote, na daktari mkweli atakuambia hivyo kabla hujasaini fomu. Wanaopasuliwa taya kwa ndani ya mdomo wao hatari yao iko kwingine, kwenye mshipa wa mdomo wa chini na kidevu, ambao unaweza kukaa na ganzi kwa miezi na kwa baadhi ya watu ikabaki.

Kilichomtisha mama ni meno. Aliniambia nifunge mdomo, akaona meno ya kulia yanagusana na kushoto kumebaki uwazi unaopitisha ncha ya kidole. "Wamekuharibu," akasema kwa sauti ndogo. Hapana. Upande wa kulia wa taya la chini ulikuwa umepanda, na ukakutana na meno ya juu ya kulia yaliyokuwa yameshuka kwa miaka yote ile. Uwazi wa kushoto ulikuwa umetarajiwa na ulikuwa umeandikwa kwenye mpango wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya zile waya: zilitundikwa vijipira vidogo vinavyovuta meno ya kushoto yakutane, taratibu, mwezi baada ya mwezi. Nilivibadilisha mwenyewe kwa kioo cha mfukoni, hata ofisini kati ya kipindi na kipindi.

Kula nako kuna elimu yake. Wiki za mwanzo ni vya kunywa, baadaye vya kupondwa, na kutafuna kwa kweli kunarudi baada ya mwezi na nusu hivi. Hapa watu wa Dodoma tuna bahati ambayo wagonjwa wenzangu wa wodini hawakuwa nayo. Mlenda. Mama aliupika mwepesi sana, akauchanganya na karanga zilizosagwa mpaka zikawa laini kabisa, na uliteleza kooni bila kuniuliza chochote. Uji wa ulezi aliuchuja kwa kitambaa, akatia maziwa na siagi ya karanga. Maziwa mgando, parachichi lililopondwa, mchuzi wa samaki uliochujwa mifupa na uchafu wote. Mwili unaojenga mfupa unataka protini na unataka nguvu, na uji mtupu wa sukari hautoshi. Nilikonda, wote hukonda, ila sikudhoofika. Baada ya kila kikombe nilisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kwa kuwa waya za meno hushika kila punje.

Halafu mazoezi. Hakuna anayekusifia kwa mazoezi haya, na ndiyo yanayoamua kama utafungua mdomo maisha yako yote. Kiungo kilichopasuliwa kikiachwa kipumzike mno, kinakakamaa. Nilipewa vile vile vijiti bapa vya ulimi. Unavipanga kimoja juu ya kingine, unaviingiza katikati ya meno ya mbele, unakaa navyo, kesho unajaribu kuongeza kimoja. Kimoja kina unene usiofika milimita 2, kwa hiyo ushindi wa siku ni mdogo na unauma. Mtu mzima hufungua mdomo kama milimita 40 hivi. Mimi nilianzia chini ya nusu ya hapo. Kuna asubuhi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda machozi yananitoka na fungu la vijiti mdomoni, huku mdogo wangu akihesabu kwa sauti. Pia nilifanya mbele ya kioo, kwa sababu taya likifunguka sasa huelekea kulia, upande uliokatwa, na lazima ulifundishe kwenda wima. Mpaka leo nikipiga miayo linasogea kulia kidogo.

Nilirudi kazini na kitambaa kichwani, maana upepo wa Dodoma una vumbi na kovu lilikuwa bado changa. Watoto wa darasa la tatu walinisalimia "Shikamoo, Mwalimu," wakakaa kimya, kisha mmoja akauliza kama nitakuwa naumwa tena. Nikamwambia mfupa ulikuwa umekua sana, madaktari wameupunguza. Akaridhika. Watoto wanaridhika na ukweli haraka kuliko walimu wenzangu, ambao walihitaji mwezi mzima wa kunitazama kwa pembeni.

Sasa hivi kidevu kimerudi karibu na mstari wa kati. Meno yanakutana pande zote mbili. Herufi "s" yangu imerudi, na mwalimu wa kwaya amenirudisha mstari wa mbele. Bado kuna mwinamo kidogo wa taya la juu. Nikiking'ata kile kijiti kinaegemea kulia, si kama zamani, lakini kinaegemea. Daktari amenieleza kwamba upasuaji wa pili unawezekana, wa kusawazisha taya la juu na kumalizia la chini, kwa kuwa plasta za mwaka huu zinaonyesha hakuna kilichohama tena. Ameniambia hauna haraka, na kwamba wapo wanaouchagua na wapo wanaoishia hapa nilipo.

Nimemwambia nitaishia hapa. Mama angependa niendelee, na dada yangu pia, kwa ajili ya picha. Nimewasikiliza wote wawili. Waya zitatolewa meno yakitulia, kisha nitavaa kishikilio cha meno usiku ili yasihame, na mara moja kwa mwaka nitapiga picha ya eksirei na ya plasta ili tuone kama kondaili imekaa kimya. Hiyo ya kila mwaka sitaiacha.